Seva ya mziki au kompyuta tu? Namna ya kuchagua na kufunga mziki wa nyumbani, hatua kwa hatua

Wengi wanaoniuliza hili swali wanaanza na sauti, eti ipi inatoa sauti safi zaidi, ile seva ya mziki ya kununua au kompyuta ya kawaida. Mimi nasema anza na nyumba. Nani nyumbani kwako anasikiliza mziki, nani anabonyeza, na umeme ukikatika saa mbili usiku ukarudi saa tano nani anawasha tena? Ukishayajibu hayo utajua ununue nini, na mara nyingi utakuta hata huhitaji kununua kikubwa.

Mimi nipo Dar, nyumbani tuko sita, na kilichonisukuma ni kaseti za mzee. Alituachia maboksi mawili, nyingi alirekodi mwenyewe redioni enzi za RTD (Redio Tanzania Dar es Salaam), humo kuna Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, kuna NUTA, kuna taarabu ya Culture ya Zanzibar, na utepe wa kaseti haukungoji, kila mwaka unazidi kuchoka. Nikaziingiza zote kwenye laptopu, nikaunga laptopu kwenye sabufa, nikaona kazi imeisha. Wiki ya pili tu mama akawa hasikilizi tena. Namuuliza kulikoni, ananiambia mwanangu ile mashine ina paswedi, halafu mdogo wako ameichukua kufanyia kazi za shule, na juzi wimbo umefika pazuri ikapiga kengele ya ujumbe wako ikanishtua. Yaani mziki ulikuwepo ndani ya nyumba ila haupigiki. Hapo ndo nikaelewa kwa nini watu wanatenganisha kifaa cha mziki na kifaa cha kazi, na nikaanza upya.

Hatua ya 1: Jua kila kifaa kinafanya kazi gani

Mziki wa dijitali nyumbani una kazi nne. Kuna kutunza (diski yenye nyimbo), kuna kuendesha (programu inayotafuta wimbo na kuutuma), kuna kugeuza (DAC, kile kidude kinachochukua namba za kompyuta na kuzifanya sauti), halafu kuna kupaza, ambayo ni amplifaya na spika. Laptopu yako inafanya tatu za kwanza peke yake, na sabufa inafanya ya nne.

Sasa seva ya mziki, kama Bluesound Vault au zile za Innuos za Ureno, ukiifungua ndani ni kompyuta pia, ina prosesa, ina diski, ina programu. Tofauti ni kwamba haina kioo wala kibodi, kwa kawaida haipigi kelele, na imefundishwa kazi moja. Unaingiza CD, inainyonya yenyewe, inatafuta majina ya nyimbo mtandaoni, inaitema, basi. Baada ya hapo unachagua wimbo kwa simu. Bei ya hizo zenye diski na sehemu ya CD mara nyingi inapita dola 1,000, na ukiagiza mpaka ifike huku kuna usafiri na ushuru juu yake.

Sauti je? Wimbo wa CD ni vipimo 44,100 kwa kila sekunde, kila kimoja biti 16, kwa kila upande wa spika. Namba hizo zikitoka kwenye laptopu ya mtumba au zikitoka kwenye seva ya mamilioni, zikifika salama kwenye DAC moja ni namba zilezile. Kinachobadilisha sauti ni DAC, amplifaya, spika na chumba chenyewe, kwa hiyo kama una milioni mbili za kutumia na spika zako ni za kuungaunga, pesa ipeleke kwenye spika. Hapo sibishani na mtu.

Hatua ya 2: Pima mziki wako

Kabla ya kununua diski hesabu ulichonacho. CD ya saa moja bila kubanwa inakula kama MB 600 na ushee. Ukiibana kwa FLAC, ambayo haipotezi kitu, inashuka mpaka MB 300 au 400 hivi. MP3 ya kilobiti 320 ni kama MB 144 kwa saa. Kwa hiyo diski ya terabaiti 1 inabeba CD zaidi ya 2,500 za FLAC, na sijakutana na mtu mtaani kwetu mwenye CD 2,500. Usikubali kuuziwa diski ya terabaiti 8 kwa ajili ya mziki.

Kaseti nazo ziingize kwa ubora wa CD, inatosha kabisa. Laptopu nyingi tundu lao la maiki linapokea upande mmoja tu, kwa hiyo tafuta kikadi cha sauti cha USB chenye matundu ya nyekundu na nyeupe, kama Behringer UCA202, unaunga deki hapo halafu unarekodi kwa Audacity ambayo ni bure. Safisha hedi ya deki kwa spiriti na pamba kabla ya kila kaseti chache, na acha nafasi juu, sauti kubwa kabisa ya wimbo isipite desibeli -6 kwenye mita ya Audacity, maana ikigonga juu imeharibika na hairudi. Hicho kikadi usikitupe, kinatoa sauti pia, kwa hiyo ukimaliza kaseti kinakuwa DAC yako ya kuanzia.

Hatua ya 3: Jiulize maswali ya nyumba

Kaa na karatasi uandike, usijibu kichwani. Kuna mtu asiyejua kompyuta atakayetaka kupiga mziki wewe ukiwa kazini? Hiyo laptopu ina kazi nyingine? Mnataka mziki chumba kimoja au na jikoni na barazani? Unapenda kucheza na mitambo au unataka kitu ukichomeka kiwe kimeisha? Na una intaneti ya kudumu au ni bando la simu?

Hilo la bando watu wanachanganya sana. Ukiwa na nyimbo zako kwenye diski yako na rauta nyumbani, mziki unatembea kwenye waifai ya ndani na hauli bando hata kidogo, hata rauta ikiwa haina laini inafanya kazi. Ni tofauti na Spotify au Boomplay ambazo kila wimbo usioupakua unakula data. Ila angalia unachonunua, kuna programu kama Roon, ni nzuri sana, lakini inalipiwa na inategemea intaneti, kwa mtu wa bando la wiki siishauri.

Kama uko peke yako, chumba kimoja, na laptopu ni yako, ishia hapa. Nunua DAC ndogo ya USB, weka programu ya kupigia mziki ya foobar2000, na kwenye orodha ya vifaa vya sauti chagua DAC yako ile iliyoandikwa exclusive. Hiyo inaizuia Windows kuchanganya mziki na sauti zake nyingine na kuubadilisha vipimo njiani, na zile kengele za ujumbe hazitapita tena kwenye spika wimbo ukiwa unaenda. Umemaliza, furahia mziki wako. Hatua zinazofuata ni kwa mwenye nyumba ya watu.

Hatua ya 4: Hesabu umeme

Seva ni kitu kinachokaa kimewaka muda wote, kwa hiyo hesabu iko hivi. Kompyuta ya mezani inayokula wati 80, ikiwaka saa 24 kwa siku 30, inamaliza yuniti 57.6. Laptopu ya wati 20 inamaliza yuniti 14.4. Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo ya saizi ya kadi ya benki, ukiipigia wati 5 inamaliza yuniti 3.6. Kama nyumba yako iko tarifu ya D1 ya TANESCO, ile ya watumiaji wadogo ambayo kikomo chake ni yuniti 75 kwa mwezi, kompyuta ya mezani peke yake inakula robo tatu ya nafasi yako yote kabla hujawasha taa wala friji. Mimi kwa hilo tu kompyuta ya mezani nimeitoa kwenye orodha.

Halafu kuna kukatika. Laptopu yenye betri nzima ina faida kubwa hapa, umeme ukikatika yenyewe haina habari (ila rauta inazima, kwa hiyo simu inapotezana nayo mpaka umeme urudi). Raspberry Pi haina betri, inazima papo hapo, lakini umeme ukirudi inawaka yenyewe bila mtu kubonyeza kitu. Kompyuta ya mezani inabaki imezima mpaka mtu aiwashe, isipokuwa umeingia kwenye mipangilio ya ndani, ile BIOS, ukaiambia iwake umeme unaporudi. Chochote utakachochagua, pitisha kwenye kifaa cha kulinda umeme, hata ile gadi ya friji inayosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme inasaidia, maana kinachoua vifaa vyetu mara nyingi ni ule umeme unaorudi kwa kishindo.

Hatua ya 5: Chagua njia

Njia ya kwanza ni seva ya kununua. Ichukue kama una CD nyingi, hela ipo, na hutaki kabisa kushika mambo ya kompyuta. Hasa kwa mzee mwenye CD zake mia tatu anayetaka kuzinyonya bila kusumbua watoto, hiyo ni hela imetumika vizuri. Ila uliza kwanza ikiharibika nani anatengeneza hapa hapa, na kama diski yake unaweza kunakili kwenda nje kirahisi.

Njia ya pili ni laptopu kuukuu kuigeuza seva. Ile uliyoiweka kabatini kwa sababu kioo kimepasuka au kibodi imekufa nusu, hiyo hiyo. Hailipiwi kitu, ina betri, na ina nguvu kuliko seva nyingi za dukani.

Njia ya tatu ni Raspberry Pi, na ndiyo niliyoishia mimi. Unanunua Pi 4, chaja yake halisi ya ampea 3, kadi ya memori na kiboksi cha kupoza joto. Usibane kwenye chaja, chaja ya simu ya barabarani inaishusha volti na utahangaika wiki nzima ukidhani programu ni mbovu. Na usiifungie kabatini, kwa joto letu la pwani ikifika nyuzi 80 inajipunguza kasi yenyewe.

Hatua ya 6: Funga

Kwa laptopu kuukuu, ingia kwenye mipangilio ya umeme uiambie isilale na ukifunga kifuniko isifanye kitu. Ondoa paswedi ya kuwakia, toa programu zote zisizohusika. Weka Lyrion Music Server, programu ya kuendesha mziki, ni bure, ina historia ndefu, ndiyo iliyokuwa inaendesha redio za Squeezebox ambazo Logitech iliacha kuzitengeneza 2012, watu wakaendelea kuitunza na mwaka 2024 ikapewa hili jina jipya. Ionyeshe folda ya nyimbo, iache isome. Washa plagini yake ya Local Player ili laptopu yenyewe iwe inapiga. Sasa chukua simu iliyo kwenye waifai hiyohiyo, fungua brauza, andika namba ya IP ya laptopu (anwani yake kwenye waifai ya nyumbani) ikifuatiwa na :9000, na nyimbo zako zote ziko mbele yako. Kwenye rauta ifungie laptopu hiyo IP isibadilike, ukiruka hapa kuna siku rauta itazimika ikirudi itaipa namba nyingine na utaambiwa mziki umepotea.

Kwa Pi unapakua Volumio, mfumo wa kuifanya Pi iwe kifaa cha mziki, ukiwa kwenye kompyuta yoyote, unaiandika kwenye kadi, unachomeka kadi, unawasha. Itatoa waifai yake yenyewe, unaingia nayo kwa simu, unaionyesha waifai ya nyumbani, baada ya hapo unaifungua kwa kuandika volumio.local. Kama kwenu umeme unakatika kila siku angalia piCorePlayer badala yake, yenyewe ikishawaka inakaa kwenye memori badala ya kuandikaandika kwenye kadi, kwa hiyo kuzimwa ghafla hakuiumizi kirahisi. Kuifunga kuna ugumu kidogo zaidi, lakini ndiyo ninayotumia na tangu niifunge sijabadilisha kadi.

Diski ya nyimbo iwe ya nje ya USB, ikiwezekana SSD, ile isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Pi 4 inatoa ampea 1.2 kwa matundu yote manne ya USB kwa pamoja, kwa hiyo diski ya kuzunguka ikianza kupiga tiki tiki ujue haishibi, itafutie habu ya USB yenye umeme wake.

Hatua ya 7: Unga kwenye spika, na ushughulikie mvumo

USB kutoka kwenye seva kwenda DAC, nyekundu na nyeupe kutoka DAC kwenda sabufa au amplifaya. Tundu la hedifoni la Pi litumie kwa kujaribu tu, sauti yake ni nyembamba.

Ukisikia mvumo, ule mmmm unaoendelea hata wimbo ukisimama, chomoa chaja ya laptopu. Ukinyamaza, tatizo ni njia mbili za ethi zinazokutana kwenye waya wa sauti. Dawa ni kuchomeka laptopu na amplifaya kwenye ekstensheni moja, au kutumia waya wa mwanga kama DAC na amplifaya yako vina tundu lake, au ile transfoma ndogo ya kukata mvumo inayokaa katikati ya waya wa sauti. Kuna mafundi watakwambia ukate ule mguu wa tatu wa plagi, wa ethi. Usikubali. Ule mguu ndio unaowalinda watoto wako siku kifaa kikivujisha umeme, na hakuna wimbo wenye thamani hiyo.

Hatua ya 8: Andika majina, na usikimbie hapa

Hii ndiyo kazi niliyoitumia muda mwingi kuliko zote na ndiyo inayofanya seva iwe na maana. CD ya Ulaya au Marekani ukiinyonya, majina yanakuja yenyewe. Kaseti ya mzee aliyorekodi redioni hakuna mtandao unaoijua, unaletewa Track 01, Track 02, mpaka mwisho, na mama hawezi kutafuta Track 07.

Kwa hiyo unakaa unaandika kwa mkono, na muziki wetu wa dansi una mtego wake. NUTA Jazz ilianza 1964, ikaja kuwa JUWATA, ikaja kuwa OTTU, leo ni Msondo Ngoma, bendi ni ile ile inabadilisha jina. Ukiandika kila wimbo jina la wakati wake, seva inakuonyesha bendi nne tofauti na ukitafuta moja unakosa robo tatu ya nyimbo. Mimi nilichofanya, kwenye sehemu ya msanii wa albamu nimeandika Msondo Ngoma kwa zote, halafu kwenye sehemu ya msanii nikaweka jina la wakati ule, hivyo zinakaa pamoja na historia haipotei. Sikinde vilevile, chagua moja, DDC Mlimani Park au Sikinde, usichanganye. Na OK Jazz ya Franco ndo balaa, kuna TPOK, T.P. O.K., OK bila TP, ukiacha ilivyokuja utakuta folda tano za mtu mmoja. Tumia Picard au Mp3tag, kwenye Windows zote bure, zinabadilisha nyimbo mia kwa mkupuo.

Na majina ya nyimbo waulize wakubwa wangali wapo. Nilikaa na mama jioni tatu, namchezea mwanzo wa wimbo, ananitajia jina, mwimbaji, na mara nyingine na ukumbi walipocheza yeye na mzee. Hayo nayo nimeyaandika kwenye sehemu ya maelezo ya wimbo.

Hatua ya 9: Nakala ya pili, leo

Kabla sijawa na akili hii diski yangu moja ilikufa ikiwa na kaseti kumi na moja nilizokwisha kuziingiza, na mbili kati ya hizo utepe wake ulikuwa umeshakatika. Hizo hazipo tena popote. Nunua diski mbili kuanzia siku ya kwanza, moja ikae kwenye seva, nyingine nakili kila mwisho wa mwezi halafu ipeleke nyumba nyingine, kwa dada yako, kwa rafiki, popote pasipo hapo. Hii inahusu hata aliyenunua seva ya bei kubwa, diski ya ndani yake inakufa kama diski nyingine yoyote.

Hatua ya 10: Toka nyumbani

Jaribio la mwisho. Kwenye simu ya kila anayesikiliza weka kitufe cha mziki kwenye kioo cha mbele, mfundishe mara moja tu, tengeneza orodha mbili tatu zenye majina yanayoeleweka, kwangu kuna Taarabu, kuna Za Baba, kuna Kwaya za Jumapili. Zima swichi kubwa ya ukutani, washa, ondoka, kaa nje nusu saa. Ukirudi ukakuta mziki unalia umefunga vizuri. Ukipigiwa simu, sikiliza tatizo ni lipi, kama ni kuwasha rudi hatua ya 4, kama ni kuunganisha rudi ya 6, kama ni wimbo haupatikani rudi ya 8. Mimi nilipigiwa mara mbili, ya kwanza IP ilikuwa imebadilika, ya pili mama alikuwa anataka kujua sauti inaongezwa wapi.